Ubeti Unaokatwa na Skrini: Uhakiki wa Mipangilio ya Programu za Kupekua Kurasa katika Usomaji wa Tenzi Ndefu za Mrima

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna programu za mstari wa amri zinavyoonyesha matini marefu, na athari ya mipangilio yake katika usomaji wa utenzi wa Kiswahili. Programu iliyochunguzwa ni less, ambayo hukabidhiwa matini yasiyoenea katika skrini moja na kuyatoa sehemu kwa sehemu. Hoja kuu ni kwamba mipangilio ya kawaida ya programu hii haikuwazia ubeti: skrini ya mistari 24 hukata ubeti wa utenzi mara tatu katika kila mikato mitano. Makala yanadai kuwa anayeipanga programu hiyo anafanya kazi ya mhariri, apende asipende, na kwamba mtafiti wa fasihi anapaswa kuitaja mipangilio yake kama anavyolitaja toleo la kitabu alilolisoma.

1.0 Utangulizi

Pwani ya kaskazini ya Tanzania ni nchi ya tungo ndefu. Hemedi bin Abdallah bin Said el-Buhriy, mshairi wa upande wa Tanga, ndiye aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, unaosimulia kuingia kwa Wajerumani katika mwambao huu na upinzani waliokutana nao. Utenzi huo ulichapishwa mwaka 1955 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga, aliacha Utenzi wa Vita vya Uhuru wenye beti zipatazo 3,000. Pongwe, mahali yalipoandikwa makala haya, pamo katika mazingira hayohayo ya kifasihi: ni kituo cha reli itokayo Tanga kwenda Muheza, reli ambayo ujenzi wake ulianzishwa na Wajerumani haohao mwaka 1893.

Tungo hizi sasa husomwa pia kwenye kompyuta. Mtafiti huzichapa katika faili la matini matupu, huzihifadhi kwa programu ya kutunza matoleo kama git, na huzifungua katika dirisha la amri ili azitafute, azihesabu na azilinganishe. Katika hatua hiyo hutokea jambo ambalo tasnifu zetu hazina desturi ya kulieleza: baina ya faili na jicho la msomaji husimama programu nyingine, ambayo huamua mistari mingapi ionekane kwa mara moja, mstari mrefu ukunjwe au ukatwe, na mwisho wa matini utangazwe kwa maneno gani. Katika makala haya programu ya namna hiyo inaitwa kipekuzi, kwa kuwa kazi yake ni kupekua kurasa.

Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: je, kipekuzi kinauonyesha utenzi, au kinaonyesha mistari tu?

2.0 Usuli wa Kipekuzi

Kipekuzi kilizaliwa kutokana na ufinyu. Skrini za mwishoni mwa miaka ya 1970, kama ile ya VT100 ya mwaka 1978, zilikuwa na mistari 24 yenye safu 80 kila mmoja. Matini yaliyozidi kiasi hicho yalipita mbio na kutoweka kwa juu kabla hayajasomwa. Mwaka huohuo wa 1978, Daniel Halbert wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika programu ya more, ambayo ilisimamisha matini kila skrini ilipojaa na kumngoja msomaji abonyeze kitufe. Mark Nudelman alianza kuandika less mwaka 1983, akaitoa kwa umma mwaka 1985. Tofauti yake kubwa ilikuwa kumwezesha msomaji kurudi nyuma kwa urahisi. Jina lake ni mzaha unaolijibu jina la ile ya kwanza: la kwanza lina maana ya "zaidi", la pili lina maana ya "pungufu".

Programu hizi hazikubuniwa kwa ajili ya ushairi. Zilibuniwa kwa ajili ya kusomea miongozo ya kompyuta, kumbukumbu za mashine na programu zenyewe. Matini ya aina hiyo hayana ubeti. Mkato ukiangukia popote, maana haiharibiki sana. Kwa hiyo si haki kumlaumu mbunifu kwa kutotimiza jambo ambalo hakuombwa. Lawama, kama ipo, ni ya msomaji anayekichukua chombo kilichopimwa kwa matini mengine, akakitumia bila kukipima upya.

3.0 Kiunzi cha Nadharia

Uhakiki huu unaegemea mihimili miwili. Mhimili wa kwanza ni mtazamo wa Jerome McGann katika The Textual Condition (1991), kwamba matini yana misimbo miwili: msimbo wa lugha, yaani maneno yenyewe, na msimbo wa kibibliografia, yaani umbo la kitabu, ukurasa, herufi na nafasi. Misimbo yote miwili huzaa maana. McGann alikuwa akizungumzia vitabu vilivyochapwa, lakini hoja yake inakwenda mbele zaidi katika skrini, maana ukurasa wa kitabu hupangwa mara moja na mchapaji, ilhali ukurasa wa kipekuzi hupangwa upya kila faili linapofunguliwa.

Mhimili wa pili ni kaida za mapokeo ya ushairi wa Kiswahili, ambazo Kaluta Amri Abedi alizieleza katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954). Kwa utenzi, ubeti ni vipande vinne, kila kipande mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza hushirikiana kina chao, na kipande cha nne hubeba kina cha bahari, ambacho hurudi katika kila ubeti tangu mwanzo hadi tamati. Bahari ndiyo inayoushona utenzi. Vipande vitatu vya kwanza hupandisha, cha nne hutua. Hivyo mkato unaoangukia kabla ya kipande cha nne si sawa na mkato unaoangukia baada yake, ijapokuwa kwa mashine yote miwili ni mwisho wa mstari tu.

4.0 Uchambuzi

4.1 Hesabu ya mkato

Tuchukue mpangilio uliozoeleka katika machapisho: kila kipande mstari wake, na mstari mmoja mtupu baina ya ubeti na ubeti. Ubeti mmoja unachukua mistari 5. Skrini ya mistari 24 humwachia msomaji 23, kwa kuwa mstari wa chini kabisa ni wa kipekuzi chenyewe. Skrini ya kwanza basi inaenea beti nne kamili, ambazo ni mistari 20, na mistari mitatu ya ubeti wa tano. Mistari hiyo mitatu ni vile vipande vitatu vinavyopandisha. Kipande kinachotua kimetupwa skrini ya pili.

Mkato wa pili huangukia baada ya kipande cha kwanza cha ubeti. Wa tatu baada ya kipande cha nne, kabla ya mstari mtupu. Wa nne katikati, baada ya kipande cha pili. Na wa tano baada ya mstari mtupu. Kisha mzunguko huanza upya, kwani skrini tano ni mistari 115, sawa na beti 23 kamili. Kati ya mikato mitano, mitatu inaupasua ubeti na miwili inauacha salama. Kwa utenzi wenye ukubwa wa Utenzi wa Vita vya Uhuru, ukipangwa hivyo, ni skrini zaidi ya 650 na beti zilizopasuliwa takribani 390.

Hesabu hii ingekuwa mchezo wa namba tu kama isingesikika. Mwandishi wa makala haya aliwahi kumsomea mzee mmoja wa hapa Pongwe sehemu ya utenzi kutoka katika skrini ya namna hiyo. Kila kipekuzi kilipokata, sauti ya msomaji ilishuka bila yeye kutambua, kana kwamba ubeti umekwisha. Kidole kikabonyeza kitufe, na kipande cha nne kikaanza kwa sauti mpya kama mwanzo wa ubeti. Mzee alivumilia mara mbili. Mara ya tatu akasema: "Mwanangu, mbona unapumzika kabla hujatua?" Hakuwa akiiona skrini. Aliusikia mkato kwa sikio, akajua kuwa si wa mtunzi.

4.2 Dirisha la mistari 20

Dawa ya mkato huo imo ndani ya less yenyewe. Chaguo la -z huweka idadi ya mistari inayosogezwa kila msomaji anapoendelea mbele. Kwa -z20, skrini bado inaonyesha mistari 23, lakini kila hatua ni ya mistari 20, yaani beti nne kamili. Vile vipande vitatu vya ubeti wa tano huonekana chini ya skrini ya kwanza, kisha huonekana tena juu ya skrini ya pili, safari hii pamoja na kituo chake.

Matokeo haya yana mfano wake katika utamaduni wa miswada. Katika miswada ya hati za Kiarabu, wanakili walizoea kuliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili msomaji asipotee anapofungua. Vipande vitatu vinavyorudiwa vinafanya kazi hiyohiyo. Kinachoonekana kwa mtaalamu wa kompyuta kuwa upotevu wa mistari mitatu, kwa msomaji wa utenzi ni daraja.

Ipo tahadhari. Chaguo hilo hupokea pia namba hasi: -z-4 humaanisha mistari minne pungufu ya ukubwa wa skrini. Kwa skrini ya mistari 24 jawabu ni 20, na yote ni sawa. Skrini ikipanuliwa hadi mistari 40, jawabu linakuwa 36, ambayo haigawanyiki kwa 5, na mpasuko unarudi. Kanuni basi ni kuchagua kizidishe cha 5 kisichozidi skrini: 20 kwa skrini ndogo, 35 kwa ile ya mistari 40. Mpangilio unaofuata mashine unafaa kwa matini ya mashine. Utenzi unataka mpangilio unaofuata ubeti.

4.3 Ubeti katika mstari mmoja

Mpangilio wa pili unatokana na miswada. Katika miswada mingi ya tenzi kwa hati za Kiarabu, ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja na vipande vyake hutengwa kwa alama. Baadhi ya watafiti hupendelea kuiga umbo hilo katika faili, kwa sababu mstari mmoja ni ubeti mmoja na kuhesabu kunakuwa rahisi. Hapa tatizo linahama kutoka urefu wa skrini kwenda upana wake. Kipande cha mizani minane kwa hati za Kilatini huchukua takribani herufi na nafasi 20. Vipande vinne ni 80. Ukiongeza alama za kutenga na namba ya ubeti, mstari unazidi safu 80.

Mstari ukizidi, less hufanya moja kati ya mambo mawili. Kwa kawaida huukunja, na mkunjo huangukia popote, hata katikati ya neno. Matoleo ya karibuni yana chaguo la --wordwrap linalokunja penye nafasi baina ya maneno. Lakini akiwasha -S, mstari hukatwa ukingoni, na sehemu iliyobaki haionekani mpaka msomaji asogee kulia kwa kitufe cha mshale. Kinachofichika katika hali hiyo ni mwisho wa kipande cha nne, yaani bahari yenyewe.

Mwandishi anakiri kosa lake. Katika rasimu ya awali ya utafiti huu iliandikwa kwamba beti kadhaa za matini yaliyochunguzwa "zimepungukiwa kina cha mwisho", na upungufu huo ukahusishwa na uzembe wa mnakili. Mnakili hakukosea. Programu ilikuwa imewashwa kwa -S, na toleo la zamani lililotumika halikuweka alama yoyote ya kuonyesha kuwa mstari unaendelea. Matoleo mapya huweka alama ya > ukingoni, nayo ingetosha kumzindua msomaji. Beti fupi zilionekana nzima, beti ndefu zikaonekana na kasoro, na mhakiki akajenga hoja ya kifasihi juu ya upana wa dirisha. Kama kosa hilo lingepita hadi kwenye tasnifu, marehemu asiyeweza kujitetea angebebeshwa aibu isiyo yake.

Jambo hili limewahi kujadiliwa na wabunifu wenyewe, kwa sababu zao. Programu ya git, isipokuta kigeu cha mazingira kiitwacho LESS, hukiwekea thamani yake. Hadi mwaka 2014 thamani hiyo ilikuwa FRSX. Katika toleo la 2.1 herufi S iliondolewa ikabaki FRX, ili mistari mirefu ikunjwe badala ya kufichwa. Uamuzi huo, uliofanywa kwa ajili ya waandishi wa programu, umewafaa wahariri wa tenzi pia. Mtu akizilinganisha rasimu mbili za utenzi kwa git leo, bila kugusa chochote, ataiona bahari.

4.4 Kipekuzi kama chombo cha mhakiki

Isidhaniwe kuwa mpangilio wa ubeti katika mstari mmoja hauna faida. Kwa msomaji ni mzito. Kwa mhakiki ni hazina. less ina amri ya & ambayo huonyesha mistari inayolingana na kigezo tu, na ikiongezwa alama ya mshangao huonyesha ile isiyolingana. Kwa utenzi ambao bahari yake ni "ya", amri ya &!ya$ huacha kwenye skrini beti zile tu ambazo hazikuishia kwa kina hicho. Kazi ya kukagua bahari ya beti elfu tatu, ambayo ingemchukua mtu siku nyingi za kupitisha kidole, huwa ya dakika. Baada ya hapo mhakiki hurudi katika faili na kuamua kila mfano ni kosa la uchapaji, ni lahaja, au ni uhuru wa mtunzi. Mashine inaonyesha penye swali. Jawabu ni la mtu.

Katika mpangilio wa kipande kwa mstari, amri hiyohiyo haina makali, maana alama ya $ hukamata mwisho wa kila kipande bila kujua kipi ni cha nne. Hivyo mipangilio miwili inatoa usomaji wa aina mbili, na hapana sababu ya kulazimisha mmoja. Mtafiti anaweza kuwa na faili mbili: moja ya kusomea kwa sauti, nyingine ya kukagulia.

4.5 Herufi na tamati

Mambo mawili yanastahili kutajwa kwa ufupi. La kwanza ni hati za Kiarabu. Mazingira ya lugha yakiwa hayakuwekwa kwa UTF-8, less haizitambui herufi hizo na huonyesha namba zake badala yake: alifu moja hugeuka <D8><A7>, alama nane kwa herufi moja. Muswada wa Mrima ukifunguliwa hivyo hausomeki kabisa. Tiba ni kuweka mazingira ya sw_TZ.UTF-8, au kuipa LESSCHARSET thamani ya utf-8. Afadhali kosa hili kuliko lile la -S, kwa kuwa lina ukelele. Hakuna mhakiki atakayemlaumu mnakili kwa <D8><A7>.

La pili ni maneno ya kipekuzi chenyewe. less haina tafsiri ya Kiswahili, na mwisho wa kila utenzi hutangaza kwa Kiingereza kwamba faili limekwisha. Mapokeo yana neno lake, tamati, ambalo wanakili waliliweka mwishoni kwa karne nyingi. Chaguo la -P huruhusu kuibadili kauli hiyo, na mpangilio kamili unaopendekezwa kwa skrini ndogo ni huu:

LESS='-R -z20 -Ps?e(TAMATI):%pB\%.$'

Kwa mpangilio huu msomaji huona asilimia ya matini aliyoyapita, na akifika mwisho huona TAMATI. Herufi R haikuwekwa kwa urembo. Anayekiwekea LESS thamani yake mwenyewe huizuia git kuweka ya kwake, na akiisahau R, rangi za git hugeuka kuwa alama zisizosomeka zinazotapakaa katika beti.

4.6 Msomaji asiyeona

Pongwe ina shule ya msingi inayopokea wanafunzi wasioona, na hilo linaleta swali ambalo mhakiki anayeona hulisahau. Vifaa vingi vya kusomea Breli kwenye kompyuta huonyesha mstari mmoja tu kwa wakati, na ukubwa uliozoeleka ni seli 40. Kipande cha herufi 20 kinaenea vizuri. Ubeti wa herufi 90 unahitaji kusogezwa mara mbili zaidi kabla ya kuifikia bahari. Kwa msomaji huyo, mpangilio wa kipande kwa mstari ndio unaolinda mapigo ya mizani chini ya vidole. Hoja hii inatosha kuufanya mpangilio huo kuwa wa msingi katika toleo lolote la kidijitali linalokusudiwa umma, na ule wa mstari mmoja kubaki chombo cha karakana.

5.0 Hitimisho

Swali la mwanzo liliuliza kama kipekuzi kinauonyesha utenzi au mistari tu. Uchambuzi umeonyesha kuwa kwa mipangilio ya kawaida kinaonyesha mistari tu, na kwa mipangilio michache iliyochaguliwa kwa kuujua ubeti kinaweza kuuonyesha utenzi. Ubora wa less uko katika kukubali kwake kupangwa. Udhaifu uko katika ukimya wake, kwani haimwambii msomaji kuwa kuna jambo limeamuliwa kwa niaba yake.

Makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, tasnifu inayotegemea matini ya kidijitali ieleze katika sura ya mbinu jinsi matini hayo yalivyoonyeshwa: ukubwa wa skrini, kukunjwa au kukatwa kwa mistari, na mfumo wa herufi. Sentensi mbili zinatosha. Pili, dai lolote la upungufu wa kina au mizani lithibitishwe katika faili lenyewe, au katika muswada, kabla ya kuhusishwa na mtunzi au mnakili. Tatu, matini yanayohifadhiwa kwa matumizi ya umma yawekwe kipande kwa mstari, pamoja na maelezo mafupi ya mpangilio unaofaa kuyasomea.

Mtahini anaweza kuuliza kama haya ni fasihi au ni ufundi wa mitambo. Jawabu la makala haya ni kwamba mnakili aliyechagua kuandika ubeti katika mstari mmoja, na mchapaji aliyeugawa katika minne, wote walifanya uamuzi wa kifasihi kwa mikono ya kifundi. Anayeandika -z20 ameketi katika safu hiyohiyo. Tofauti ni kwamba wale waliotangulia kazi yao inaonekana katika karatasi, nasi tunaweza kuihakiki. Yake hufutika dirisha linapofungwa, isipokuwa ameiandika.